Sikuwafundisha kushauri, niliwafundisha kupiga simu saa ile ile

Watu wakisikia kwamba wakati wa lokdauni nilikuwa nasimamia mavolontia wa chama cha afya ya akili, swali la kwanza huwa ni lile lile: walikuwa wanawaambia nini? Yaani mtu ana skizofrenia (anasikia sauti au anaamini visivyokuwepo) au bipola (hisia zinapanda na kushuka kupita kiasi), kafungiwa ndani, kliniki imepunguza siku, alafu anapigiwa simu na mtu ambaye kazi yake ni uhasibu au bado yuko chuo, sasa atamwambia nini cha maana? Jibu langu huwa linawakatisha tamaa kidogo. Hakuna cha maana sana, walikuwa wanaulizia jana amelala saa ngapi, leo amekula, mlango amefungua hata dirisha, ile redio imepona au bado inakoroma. Dakika kumi na tano, ishirini, basi, tutaongea Alhamisi saa kumi.

Hiyo "Alhamisi saa kumi" ndo ilikuwa dawa yenyewe. Mi ni mnasihi, nimesomea, na ilinichukua kama wiki tatu za lokdauni kukubali hilo.

Nirudi nyuma kidogo. Kabla ya hapo wanachama wetu walikuwa wanakuja ukumbini mara mbili kwa wiki, wengine wanaongea kwenye duara, wengine wanacheza karata, wengine wanakaa tu kimya kwenye kona saa mbili nzima wanaondoka, na hao wa kimya usiwadharau, mtu akija kukaa kona kwa miaka minne kuna kitu anakipata pale. WHO, Shirika la Afya Duniani, walipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba hili sasa ni janga la dunia, siku chache tu tukafunga ukumbi. Tulifikiri tumefunga chumba, kumbe tumefunga kalenda. Kwa mtu anayeishi na ugonjwa mkubwa wa akili kalenda ni kitu kizito kuliko watu wengi wanavyodhani, maana siku ya ukumbini ndo siku anayooga, anavaa, anatoka, anakumbuka kumeza dawa kabla hajatoka, usiku anachoka analala. Ukitoa ile siku vyote vinadondoka pamoja. Kwa wenye bipola usingizi ukivurugika unaweza kabisa kuwa mlango wa kuingilia kipindi cha kupanda, kile cha maneno mengi na mipango mikubwa, kwa hiyo lile swali la "umelala saa ngapi" halikuwa salamu tu.

Na huku hospitalini nako mambo yalikuwa yale yale. WHO waliwahi kuuliza nchi 130 katikati ya 2020, asilimia 93 wakasema huduma zao muhimu za afya ya akili zimekatika au zimeyumba, huku wahitaji wanaongezeka. Baadaye walikuja kukadiria kwamba mwaka wa kwanza wa korona wasiwasi na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Kwa hiyo hatukuchagua mavolontia kwa sababu ni wazo zuri, wataalamu tulikuwa wachache na hatutoshi. Ndo ukweli.

Ila wazo lenyewe halikuwa geni. Mwaka 1953 London, kasisi mmoja anaitwa Chad Varah alianzisha huduma ya simu kwa watu wanaofikiria kujiua, ndo ikawa Samaritans. Watu walipozidi akaweka wajitoleaji wa kukaa na wageni wakati wanamsubiri yeye mtaalamu, akaja kugundua wengi wakishaongea na yule wa pale wanaposubiria hawana tena haja ya kumwona yeye. Mwaka uliofuata akawaachia wajitoleaji ile kazi. Na kwenye hiyo hiyo 2020, huko Texas, kuna utafiti walichukua watu 240 wa kukaa nyumbani, wengi wao wazee, nusu wakawa wanapigiwa simu na vijana wa miaka 17 hadi 23 ambao sio wataalamu wa chochote, wamefundishwa kusikiliza tu, kwa wiki 4. Siku tano za mwanzo simu kila siku, baada ya hapo anayepigiwa mwenyewe anachagua anataka mara ngapi. Waliopigiwa upweke ulipungua kuliko ambao hawakupigiwa, na sonona na wasiwasi pia. Mi hapo nilichokipenda zaidi ni kile cha anayepigiwa kuchagua mwenyewe, tukakiiba kwenye utaratibu wetu, mwanachama ndo anapanga siku na saa, volontia ndo anajibana kulingana naye. Akisema saa kumi na moja alfajiri... hapo tulikuwa tunapatana.

Sasa mafunzo. Yalikuwa ya siku mbili na muda mwingi ulienda kuwaondolea vitu badala ya kuwaongezea. Volontia mpya anakuja na maneno yake mdomoni, "usijali", "jipe moyo", "wengine wana hali mbaya kuliko wewe", hilo la mwisho nilikuwa nalipiga faini ya utani. Mtu akikwambia naogopa wewe ukasema usijali umemfungia mlango, atakujibu sawa, na kweli hatasema tena. Kingine ni kimya. Kwenye simu sekunde nane za kimya ni ndefu kama kilometa, volontia anaingiwa na kiwewe anaanza kuongea yeye. Tulifanya mazoezi wawili wawili wakiwa wamepeana migongo, mmoja anaongea pole pole, mwingine haruhusiwi kujibu mpaka ahesabu tano kimoyomoyo.

Alafu kuna suala la nani yuko karibu. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu hatukulifikiria mwanzo. Lokdauni kila mtu yuko nyumbani, mwanachama unayemuuliza "vipi hali ya hapo ndani" pengine anayemsumbua amekaa naye kochi moja. Dada mmoja alikuwa anatujibu "niko salama, nashukuru" wiki tatu mfululizo kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi, mpaka volontia wake, mama wa makamo hivi mwenye masikio mazuri kuliko yangu, akamwambia "mwanangu, nikuulize vitu, wewe nijibu ndiyo au hapana tu, hata kama jibu halifanani na swali mwisho tutaaga kawaida." Kuanzia siku hiyo simu zote zilianza na "uko sehemu unaweza kuongea?" na kila mwanachama akawa na neno lake la kubadilisha mada, akilitaja tu volontia anageuza anaongelea hali ya hewa.

Kuhusu kujiua. Hapa ndo nilikuwa mkali. Lugha yetu ina kona nyingi za kulikwepa hilo neno, "mawazo mabaya", "kujifanyia kitu", "kukata tamaa", na ukimuuliza mtu una mawazo mabaya anaweza kukujibu hapana kwa moyo mweupe kabisa kwa sababu yeye hayaoni mabaya, anayaona ni mapumziko. Kwa hiyo kila volontia alisimama mbele ya wenzake akasema kwa sauti: "Je, unafikiria kujiua?" Wengine iliwachukua majaribio manne, sauti inakufa kwenye lile neno la mwisho. Wanaogopa watampandikizia mtu wazo, na hofu hiyo naielewa ila haina msingi, tafiti zimelirudia hili mara nyingi, kuuliza hakumpi mtu wazo, mara nyingi kunampa nafuu kwamba hatimaye kuna mtu kauliza. Akisema ndiyo, volontia hakati simu, anabaki naye, huku kwa simu ya pili anamtumia meseji ya neno moja tuliyokubaliana mtu wa zamu ambaye ni nesi au mimi. Na anauliza dawa zako ziko wapi, nani anazitunza. Hili la dawa lilikuja kuwa zito kwa sababu kliniki zilianza kutoa za miezi miwili mitatu kwa mkupuo ili watu wasije mara kwa mara, jambo jema, ila maana yake ndani ya nyumba kuna mfuko umejaa, na kuna dawa kama amitriptilini, ya sonona, ambazo mtu akizimeza nyingi kwa mara moja zinaua.

Dawa zenyewe volontia haruhusiwi kushauri chochote, hata kidogo, ila tuliwafundisha masikio yao yasimame kwa vitu viwili vitatu. Mtu wa lithiamu, dawa ya bipola, akisema ana homa, anatapika, anaharisha, au ameanza kumeza ibuprofeni kwa maumivu, usisubiri kikao cha wiki, mpigie nesi leo hii, maana maji yakipungua mwilini, au ibuprofeni ikizuia figo kuitoa, lithiamu inapanda kwenye damu hadi inakuwa sumu. Na mtu wa klozapini, dawa ya skizofrenia, akisema ameacha sigara. Hapa kila mtu alikuwa ananishangaa, kuacha sigara si jambo zuri? Zuri ndio, ila moshi wa sigara unalifanya ini liivunje klozapini haraka, ukiacha ghafla kiwango kinapanda na dozi ile ile, mtu anasinzia mchana kutwa, anadondosha mate, anaweza hata kupata degedege. Lokdauni ilifanya kuna watu wameacha sigara bila kupenda, hawawezi tu kutoka kwenda kununua. Tulikuwa na kaka mmoja wa hivyo na aliyemshtukia alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, akasema tu "leo anaongea kama ana pamba mdomoni na amesema sigara zimeisha tangu Jumamosi". Nilitaka kumkumbatia ila ndo ivo, mita mbili.

Korona yenyewe iliingia ndani ya magonjwa ya watu kwa namna ambazo hakuna kitabu kilituandaa. Tulikuwa na mwanachama mwenye ugonjwa wa wasiwasi wa kurudiarudia, alishafika mahali pazuri sana anaosha mikono mara moja anaacha, sasa dunia nzima inamwambia aoshe kwa sabuni sekunde 20 na kila bango lina picha ya mikono. Anampigia volontia wake, niliosha vizuri? una uhakika? Na volontia kwa upendo wake anamhakikishia, mara tano, mara kumi, bila kujua kila anapomhakikishia analilisha lile lile linalomtesa. Ikabidi tumfundishe kujibu "hilo swali nadhani ni ule wasiwasi unauliza, tuachane nalo turudi kwenye story yako". Kwa upande mwingine kuna mzee miaka yote alikuwa akituambia hewa ya nje ina sumu, serikali zilipoanza kusema vaa barakoa usitoke nje alitupigia yeye mwenyewe kwa furaha kabisa: "Si niliwaambia?" Utamjibu nini. Volontia wake hakubisha wala hakukubali, akamuuliza tu "na usiku unalala kweli baba?"

Vikao vya video sitaviongelea sana, tulijaribu, bando zinaisha, nusu hawapendi kuona sura zao kwenye skrini, mwenye sauti za kichwani anasikia watu kumi na wawili wanaongea kwa mpigo na hajui nani ni nani. Simu ya kawaida na meseji zilishinda kwa mbali.

Sasa mavolontia wenyewe, maana nao walikuwa wamefungiwa ndani kama wengine, wana hofu zao, wengine wamefiwa katikati ya hiyo kazi. Mwisho wanachama wanne kwa volontia mmoja, sio watano, hata akikuomba. Kila wiki nakaa na watano wao kwa simu, kila mmoja anasema iliyomkaa kooni. Namba binafsi usitoe. Hapo niseme kosa langu, niliwapa sheria ya namba kabla ya kuwapa laini za ofisi, kijana mmoja akaona isiwe shida akatumia yake, akawa anapigiwa saa nane usiku siku tisa mfululizo na hakuniambia akidhani ni yeye kafeli.

Na kosa lingine lililonifundisha kuliko yote. Kuna volontia alisahau simu moja. Moja tu, Alhamisi, alikuwa na mgonjwa ndani. Ijumaa anapiga kuomba radhi anakuta mwanachama wake hajalala usiku kucha, ameshaamini kwamba yule dada wa Alhamisi amekufa na korona na kwamba yeye ndo kamuambukiza kwa simu. Tangu hapo tukawa na rosta ya akiba, ukijua hutaweza unamtaarifu mwenzio na yeye anapiga saa ile ile anasema "fulani yuko sawa, ameniomba nikusalimie, atakupigia wiki ijayo". Ni kazi ya dakika mbili, na afadhali kutomwahidi mtu simu kabisa kuliko kumwahidi alafu siku hiyo ipite kimya.

Ungedhani baada ya hilo ningekuwa nimeelewa. Ukumbi ulipofunguliwa tuliwatumia wote meseji ya shukrani, simu zinaisha wiki hii, karibuni tena ukumbini. Kila mtu alifurahi, mimi zaidi. Mwezi na nusu baadaye dada yake na mwanachama mmoja ananiambia, kama story tu, kwamba kaka yake kila Jumanne ifikapo saa nne anaoga, anavaa shati, anakaa na simu mapajani mpaka saa tano, alafu anairudisha mezani.

Nikampigia volontia wake jioni ile ile. Tukakubaliana ampigie mara nne zaidi, Jumanne saa nne, na kila simu aanze kwa kusema zimebaki ngapi.