Asidosisi si uchachu wa saileji

Kuanzia Rongai hadi Molo, huku Nakuru, ng'ombe akisusa chakula na kuharisha, lawama ni ileile: saileji, yaani malisho yaliyokatwa na kuchachushwa shimoni bila hewa, ni chachu mno, imemletea asidosisi. Jina huenda ni sahihi. Sababu ndiyo inayokosewa.

Asidosisi ni rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza, kuzidiwa na asidi: pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka asidi ikizidi) ambayo kwa kawaida huwa kati ya 6 na 6.8 inashuka chini ya 5.5 na kukaa huko kwa saa nyingi. Basi.

Sasa, saileji nzuri ya mahindi ina pH ya karibu 4, na hapo ndipo watu hufunga hesabu. Lakini asidi inayoingia na saileji ni kidogo mbele ya ile inayozalishwa ndani ya rumeni yenyewe kila siku. Sehemu kubwa ya asidi hiyo ya saileji ni ya laktiki, na bakteria waliokwisha kuizoea huila na kutoa asidi nyingine ambazo ng'ombe huzitumia kama nguvu. Juu yake kuna mate: ng'ombe mkubwa wa maziwa hutoa lita 100 au zaidi kwa siku, yenye bikaboneti ya kupooza uchachu.

Kinachoangusha pH ni wanga unaochachuka na kutoa asidi haraka kuliko kuta za rumeni zinavyoifyonza. Mahindi makavu hayana uchachu wowote, ila ng'ombe akivunja ghala usiku akayala debe zima, asubuhi unaweza kumkuta amelala chini hawezi kuinuka (huyo mwitie daktari wa mifugo mara moja, usimpe dawa ya kubahatisha). Saileji ya majani ya nepia nayo ni chachu, na ni nadra mno kusikia imeleta asidosisi, kwa kuwa haina punje.

Kwa hiyo saileji ya mahindi yaliyobeba vizuri huchangia asidosisi kupitia punje zake, hasa ikiwekwa juu ya kilo nyingi za chakula cha dukani kinachomwagwa kwa mkupuo wakati wa kukamua. Kosa la pili liko kwenye mashine ya kukatia malisho. Ukikata laini kama majani ya chai, ng'ombe hana cha kucheua, na asiyecheua hatoi mate ya kutosha. Sentimita 1 hadi 2 inafaa. Bekingi soda, gramu 150 hadi 200 kwa siku, husaidia, ila haichukui nafasi ya nyasi ndefu.

Dalili zisomwe zizini: kinyesi chepesi chenye mapovu na punje nzima, mafuta ya maziwa kushuka, na wakati wa kupumzika chini ya nusu ya ng'ombe waliolala wanacheua. Kuchechemea huja baadaye, hata baada ya wiki kadhaa, na kwato hulaumiwa peke yake.

Kabla ya kuacha saileji na kufunga shimo lake, basi, gawanya chakula cha dukani mara tatu au nne kwa siku na utangulize nyasi kavu. Ng'ombe mgeni wa saileji aanze na kilo 5 kwa siku, aongezewe kidogo kidogo kwa wiki mbili. Harufu ya siki isikutishe. Ikinuka siagi iliyooza au ikiota ukungu, itupe, ila hiyo ni saileji iliyoharibika, na kuiita asidosisi hakutakusaidia kuziba pale hewa ilipoingilia.