Mvuvi aliyekosa watu nyumbani kwake

Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, nilijua katika ofisi yangu ya ushauri nasaha hapa Kigoma watakuja watu wenye mawazo ya pesa. Walikuja kweli. Lakini mmoja wao, mvuvi wa dagaa wa Kibirizi (nimegeuza mambo mawili matatu asitambulike), alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Dada, njaa naijua. Hii siyo njaa. Nyumba imejaa watu, ila niko peke yangu."

Mke anaye, tena wanapendana. Kuna watoto watano, mama mkwe, na redio isiyozimwa. Nilipomuuliza anakumbuka nini cha ziwani, hata dagaa hakuwataja. Alitaja usiku wa giza, taa zimewashwa, wanasubiri dagaa wapande, watu wanapigiana hadithi za uongo, wanataniana, wananyamaza pamoja.

Robert Weiss, mwanasosholojia wa Marekani, aliutenganisha upweke huu mwaka 1973: kuna wa kukosa mtu mmoja wa karibu, na kuna wa kukosa kundi. Kundi halizibi pengo la mtu mmoja, wala mtu mmoja hazibi pengo la kundi. Mjane wa Ujiji anaweza kuhudhuria kila shughuli, kitenge cha sare kila mwezi na kikoba hakosi, na akirudi usiku kitanda kikamlemea vilevile. Ukimwambia "jichanganye na watu, mama," umempa dawa ya mgonjwa mwingine.

Kiswahili chetu kilishaliona jambo hili kwa namna yake. Mpweke anaweza kuwa ametulia zake. Wapo wanaoishi peke yao na migomba yao, na hawana kesi na mtu. Lakini mkiwa, yaani mwenye ukiwa, ni aliyeachwa. Wengi wanaokuja kwangu wanasema upweke, lakini ninachokisikia ni ukiwa.

Na msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na katika nchi zenye kipato cha chini ni asilimia 24 hivi, mara mbili ya nchi tajiri. Sisi wa "mtu ni watu" ndio tunaoongoza.

Lakini kwa nini upweke uumize? John Cacioppo, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, alitumia miaka mingi kueleza kwamba upweke ni kengele, kama ilivyo njaa au kiu. Binadamu wa kale aliyeachwa na wenzake alikuwa chakula cha simba, kwa hiyo mwili ukajifunza kumsumbua mpaka arudi kundini. Shida ni kwamba kengele hiyohiyo huamsha na tahadhari. Ikilia muda mrefu, akili inaanza kupekua dalili za kukataliwa kila mahali. Umetuma ujumbe, tiki zimegeuka bluu, jibu hakuna. Mwenye watu wake atasema "yuko bize". Mpweke atasema "kanidharau". Basi anajitenga asiumizwe tena, watu wanamwona anaringa, wanamwacha, naye anapata ushahidi aliokuwa anautafuta.

Ndiyo maana huwa sina hamu na mabonanza ya "tukutane tufurahi". Mwaka 2011 Cacioppo na wenzake walilinganisha tafiti za kupunguza upweke: kufundisha watu stadi za kuishi na wenzao, kuwaongezea msaada, kuwakutanisha, na kurekebisha namna mtu anavyowasoma wenzake. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoonyesha nguvu zaidi.

Kazi yenyewe ni ya daftari. Unaandika kilichotokea, ulichodhani, halafu maelezo mengine yanayowezekana. Kisha unajaribu. Mvuvi wangu aliamini wenzake wamemtupa kwa sababu hakuna aliyepita kwake tangu Mei. Nikamwomba aende kwa mmoja tu, bila shida yoyote ya kupeleka. Akamkuta na yeye kajifungia ndani. Alikuwa anaona aibu kupokea wageni bila sukari ya chai.

Baada ya hapo nilimshauri wasikutane "kuongea". Wanaume wa huku ukiwakalisha ana kwa ana wanakauka; wape mikono kazi, maneno yatakuja yenyewe. Wakachagua kushona nyavu, siku ileile ya kila wiki, uani kwa mtu yuleyule, ili pasiwepo haja ya kualikana. Simu ikatumika kukumbushana tu.

Kwa mjane ningefanya tofauti kabisa: mtu mmoja, jirani au dada, na muda wa kumtaja marehemu bila kukatizwa kwa "yaache hayo".

Jambo moja nisilipite. Kama usingizi umekatika, chakula hakipandi, hakuna kinachokufurahisha kwa wiki mbili, hiyo inaweza kuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito; nenda hospitali. Na ukiwaza kufa, nenda leo, usiende peke yako.

Ziwa lilifunguliwa Agosti, giza likaja, akarudi kazini. Kila mbalamwezi ikizizidi nguvu taa zao na kuwarudisha nchi kavu, wanakaa uani kwake na nyavu zao. Siku hizi anayenipigia simu ni mke wake, kulalamika sukari inakwisha.