Hiyo si damu, mzee

Jumamosi iliyopita, saa mbili na nusu usiku, paja moja la kuku lilirudi jikoni mara tatu. Mara ya kwanza mhudumu alileta sahani kanyoosha mkono mbali na mwili, kama aliyebeba panya. "Mteja anasema lina damu." Mara ya pili: "Anasema bado." Mara ya tatu mteja akaja mwenyewe hadi dirishani, dereva wa lori wa njia ya Malaba, akaniambia kwa upole uliouma kuliko tusi, "Kijana, kama umechoka sema, tukuombee mapumziko." Wakati huo lile paja lilikuwa limekaa kwenye mafuta zaidi ya dakika ishirini kwa jumla. Ungeligonga mezani lingelia.

Nimesimama mbele ya fraya, kile kikaangio cha mafuta mengi, miaka saba, matawi matatu ya mgahawa uleule hapa Kampala, na sikumbuki wiki iliyowahi kupita bila mtu kuniambia wekundu wa kwenye mfupa ni damu na kwamba kuku ni mbichi. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Broila, kuku wa kisasa wa nyama, anachinjwa akiwa na wiki sita hivi. Ni mtoto mnene. Mifupa yake haijakomaa, bado ina vitundu, na uboho wake ni mwekundu. Akigandishwa, uboho unaganda na barafu inapasua chembe zake; akiyeyushwa, ile rangi inachuruzika kupitia mfupa na kulowea kwenye nyama inayougusa. Kaanga utakavyo, doa halitoki. Litageuka zambarau, kisha kahawia, kisha jeusi, lakini litakuwepo. Damu yenyewe karibu yote ilimwagika machinjioni. Na usiniletee habari za kuku wa bibi yako kijijini. Yule jogoo aliishi miezi mingi akifukuzana na watoto, mfupa wake mgumu kama mpini, hakuwahi kuiona friza, na alichemka jikoni mpaka majirani wakajua mna mgeni. Huyo utamlinganishaje na broila?

Kinachosema ukweli ni kipimajoto: nyuzi 74 sehemu nene kabisa ya nyama, ncha isiguse mfupa. Mpishi yeyote anajua hilo. Wasilolijua wengi ni jinsi ya kukijaribu chenyewe. Maelekezo mengi yanasema kitumbukize kwenye maji yanayochemka, kisome 100. Kampala tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nimeshaona vijana wapya wawili wakitupa vipimajoto vizima, na mmoja akikizungusha kirekebishaji mpaka kikasoma 100, kwa hiyo kwa wiki nzima jiko letu liliamini kuku ana joto la nyuzi nne zaidi ya alizokuwa nazo. Tumia maji ya barafu, kisome sifuri, basi. Barafu haijali mlima.

Sasa neno linaloniudhi kuliko yote: "Rudisha kwenye mafuta kidogo." Hicho kidogo ndicho kinachoua kuku. Maji yanatoka, nyuzi za nyama zinakakamaa, ukoko unakuwa gome, na doa lako liko palepale, ila sasa limekuwa jeusi na unasema tumekuunguzia. Mimi je? Kipande kilichorudi kinaandikwa kwenye karatasi ya hasara, jina la mpishi pembeni. Karatasi ikijaa, ile nyongeza ya mwisho wa mwezi inayeyuka. Msidhani ni hela ya kuchezea. Kima cha chini cha mshahara kisheria Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi tangu 1984. Bunge lilipitisha muswada mpya 2019, rais hakuusaini. Kwetu hela hiyo haikununulii hata robo kuku na chipsi. Tunalipwa zaidi ya hapo, ndiyo, lakini ujue sakafu iko wapi.

Kazi ina raha zake, nisiwe mnafiki. Ijumaa, tikiti za oda zikiwa zimejaa reli nzima ya kuzitundikia na hakuna anayepiga kelele, kila mtu anajua mkono wake uende wapi, nasikia utamu ambao sijaupata kwingine. Halafu posho, yaani ugali, na maharage ya saa tano usiku, tumekaa juu ya makreti ya soda, kila mtu ananuka mafuta, tunaigiza wateja. Yule dereva wa lori nilimwigiza vizuri sana.

Lakini nikiri. Kipimajoto chetu mara nyingi betri imekufa, au kiko kwenye droo ya meneja na meneja kaenda benki. Wateja wakifurika tunafuata saa ya fraya, na saa ya fraya inaamini mapaja yote yako sawa. Mleta kuku akibadilika yanakuja mapaja mengine madogo kama ya sungura, mengine makubwa kama ya ndama, kikapu kimoja, dakika zilezile. Ukijaza kikapu kupita kiasi mafuta yanapoa na hakuna anayeongeza muda. Mwaka juzi nilijipasulia paja langu mwenyewe la chakula cha usiku nikakuta ndani pambichi kabisa: nyama inang'aa, inateleza, imeng'ang'ania mfupa kama mpira. Kutoka kikapu kile vipande saba vilikuwa vimeshaenda kwa wateja. Sikulala vizuri siku tatu. Tena doa jekundu halikuwepo. Kwenye mfupa palikuwa peupe.

Kwa hiyo acha kutazama mfupa, tazama nyama. Ikichambuka kwa nyuzi na kuachia mfupa, kula. Iking'aa na kuteleza, rudisha, sitabishana, ila usiniambie nikaange tena. Dai kipande kingine.

Mama alipokuja kutoka Arua mwezi wa nne nilimkalisha meza ya dirishani, nikamkaangia paja mwenyewe. Nilipima: nyuzi 83. Akalipasua, akainama, akatazama mfupa kwa muda mrefu, akanisogezea sahani.

"Baba, nenda kamalizie kupika."

Nikaanza, "Mama, ule ni uboho, broila akiwa na wiki sita..." Akanitazama tu. Nikachukua sahani, nikarudi jikoni, nikalitumbukiza dakika nne. Kwenye karatasi ya hasara sikuandika kitu.