Tatu kwa ushindi, moja kwa sare

Kila tunapokaa kupanga kanuni za mashindano ya sataranji hapa Mombasa, waandaaji huniuliza: tufanyeje ili walio mbao za juu, yaani wanaoongoza, waache kukubaliana sare na kupeana mikono hatua ya kumi raundi ya mwisho, kisha wakimbilie feri ya Likoni? Mimi mwamuzi wao huwaambia ushindi uwe pointi tatu, sare moja, kufungwa sufuri.

Hesabu ya kawaida ni moja, nusu, sufuri. Ukishinda mchezo mmoja ukafungwa mwingine, uko sawa na aliyetoka sare yote miwili, kwa hiyo kujihatarisha hakulipi. Kwa hesabu ya pointi tatu, ushindi mmoja na vipigo viwili ni sawa na sare tatu. Hapo hata mwoga huanza kupiga hesabu upya.

Tuseme tumebakiza raundi ya sita. Anayeongoza kashinda zote tano, wa pili kashinda nne na sare moja, wa tatu kashinda nne na kufungwa moja. Kizamani ni 5, 4½ na 4. Wawili wa juu wakitoka sare, wa kwanza kachukua kombe, wa pili ana 5, na wa tatu hata akishinda atamfikia tu. Kwa hesabu ya tatu wako 15, 13 na 12. Sare inampa wa pili 14, na wa tatu akishinda ana 15, kampita. Anayeongoza bado anaitamani sare, ila wa pili hatoi mkono ng'o! Anaagiza chai nyingine na kuendelea kucheza.

Mashindano ya Bilbao, Hispania, yalitumia hesabu hii mwaka 2008, ya London yakaifuata 2009. Mwaka 2010 huko London, wachezaji Carlsen, Anand na McShane wangelingana kwa hesabu ya zamani, 4½ katika michezo saba. Kwa hesabu ya tatu Carlsen alipata 13, wenzake 11 kila mmoja, ingawa wote wawili walikuwa wamemfunga yeye na hawakufungwa na yeyote. Kuna wazee wetu hawataki hata kuisikia habari hiyo. Mimi naona alistahili: alishinda michezo minne, wao miwili miwili.

Kasoro yake kubwa ni nyingine. Sare inazaa pointi mbili kwa wote wawili, ushindi unazaa tatu. Marafiki wakiamua mmoja ajiachie afungwe kisha wagawane zawadi kwa M-Pesa, wamepata zaidi ya wangepata kwa sare, na sare ya hatua kumi naiona kwa macho, kujiachia nitakuthibitishaje? Kwa sare zenyewe naongeza kanuni ya kukataza kukubaliana sare bila ruhusa ya mwamuzi, kama walivyofanya kwenye mashindano ya Sofia, Bulgaria, mwaka 2005.

Kwenye mashindano ya Norway tangu 2019 wanaotoka sare hurudiana mchezo wa haraka, mweusi akipewa dakika chache kuliko mweupe lakini sare ikihesabiwa ushindi wake. Unapendeza, ila sisi ukumbi tunaurudisha saa kumi na mbili jioni.

Wanaohofia viwango vyao wasihofu: FIDE, shirikisho la sataranji duniani, hukokotoa kwa nusu ileile. Na kitengo cha watoto nakiacha na hesabu ya zamani. Mtoto aliyepungukiwa kete akajitetea mpaka hatua ya themanini, nusu yake simnyimi.