Moshi hauhamishi nyuki darini

Tumezoea kusikia kwamba nyuki wakiingia darini, moshi mwingi wa matambara utawahamisha. Kazi ya moshi si hiyo. Nyuki akidunga hutoa harufu ya hatari, inayofanana na ya ndizi mbivu, kuwaita wenzake. Moshi huifunika harufu hiyo, na nyuki hukimbilia kunywa asali na kupoa. Masega yenye majana (watoto wa nyuki) hawayaachi kirahisi. (Kwa moto wa matambara, dari ndiyo huwahi kuungua.)

Kundi lililoning'inia tu nje, bila masega, liache: mara nyingi huondoka lenyewe ndani ya siku chache. Waliokwisha kujenga, mwite mfugaji nyuki awatoe pamoja na masega yote. Yakibaki, asali huvuja ukutani, na harufu ya nta huita kundi jingine.