Ardhilhali si hati ya ardhi, wala si barua ya kuomba mikeka

Mwezi huu nimelisikia neno hili mara tatu hapa Lamu, na mara zote tatu limebandikwa kwa kitu kisicho chake. Mara ya mwisho ilikuwa barazani baada ya swala ya alasiri, wazazi na walimu wa chekechea wakizungumzia safari yao kwa mheshimiwa. "Tumepeleka ardhilhali," alisema mmoja wao kwa fahari. Nikaomba niione nakala. Ilikuwa barua ya nusu ukurasa: wanaomba mikeka kumi, sufuria kubwa ya uji, "na chochote utakachojaaliwa". Mheshimiwa aliyepelekewa ni mbunge.

Ardhilhali ni hati ambayo mwananchi huiweka mbele ya wenye mamlaka ya kutunga sheria, akiwaeleza hali ilivyo na kuwataka wachukue hatua iliyo ndani ya uwezo wao. Basi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 119, inampa kila mtu haki ya kuipeleka Bungeni. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa haki hiyo hiyo mbele ya bunge la kaunti.

Neno lenyewe lina asili nzuri. Ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyoshikana, ardh na hal, na katikati yao kile kiungo cha al. Hal ni hali hii hii tunayoulizana kila asubuhi tukikutana njiani: u hali gani? Ardh ni kuonyesha, kukiweka kitu mbele ya mtu akakiona kwa macho yake. Kwa hiyo ardhilhali ni kuonyesha hali. Waturuki nao walilichukua vile vile, wakaliita arzuhal.

Sasa huku kwetu kuna kosa la watu wazima, nami siwalaumu. Lamu imechoshwa na kesi za viwanja na mashamba, basi mtu akisikia ardhi mwanzoni mwa neno, mawazo humwendea kwenye hatimiliki. Mzee mmoja alikataa kutia sahihi karatasi ya chekechea kwa hofu kwamba atajiingiza katika mzozo wa kiwanja cha wakfu. Ardhi tunayoikanyaga, kwa Kiarabu, huanza kwa alif. Ardh ya kuonyesha huanza kwa ain. Kiswahili hakiitamki ain, tumeiacha njiani kama tulivyoiacha katika akili na elimu, na ndiyo sababu maneno mawili yasiyo na udugu yamevaa kanzu moja. Udugu wa kweli uko kwingine: wale wanaosoma tenzi na kuhesabu mizani wanalijua neno arudhi, kanuni za ushairi. Hilo ndilo lenye herufi zile zile tatu za ardh hii.

Nimeshikilia asili ya neno kwa sababu kosa kubwa zaidi linatoka hapo. Watu wameifanya ardhilhali kuwa ombi la msaada, na hali yenyewe wakaiacha nyumbani.

Pale barazani alikuwepo mwalimu wa chekechea anayefundisha kisiwa cha pili na huvuka kwa mashua. Maji yakitoka, mashua haipiti mkondoni, naye hungoja gatini hadi maji yajae. Watoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, wanakuwa wameshafika zamani, wamekaa sakafuni, na mama aliyekuja kupika uji ndiye anayewashika, mwiko mkononi, mpaka mwalimu atokee saa nne, siku nyingine saa tano. Hakuna mwalimu wa pili. Aliyasimulia hayo kwa dakika mbili, na hata neno moja halikuwemo katika ile barua.

Nilipouliza kwa nini, mama mmoja alinijibu: "Mwalimu, tuliona tukieleza sana itakuwa kama twalalamika. Tukasema tuombe kwa adabu."

Adabu hiyo naijua, nimelelewa nayo. Lakini ardhilhali haivunji adabu. Ni kweli mwisho wake huwa na ombi, na hati rasmi hutumia maneno ya unyenyekevu. Ila ombi lile ni la hatua: sheria itungwe au irekebishwe, fedha zitengwe, mwalimu aajiriwe. Na kabla ya kufika huko, inayopelekwa Bungeni hutakiwa ieleze shida yenyewe, iseme ni ofisi gani zilishaendewa na zikashindwa kuitatua, na ithibitishe kwamba jambo hilo haliko mahakamani. Mwenye kusoma anapaswa kuijua hali kabla ya kufika kwenye ombi. Mikeka anaweza kuinunua mtu yeyote mwenye moyo. Kuajiri mwalimu wa chekechea hakufanywi na mfuko wa mtu.

Hapo ndipo suala la mlango linapoingia. Jedwali la Nne la Katiba limeiweka elimu ya chekechea pamoja na vituo vya malezi ya watoto mikononi mwa kaunti. Walimu hawa huajiriwa na kaunti, sio na Tume ya Huduma za Walimu. Kwa hiyo wa kuendewa ni bunge la kaunti, ambako wadi zetu kumi, kuanzia Kiunga hadi Witu, zina wawakilishi wake. Tena kuna majira. Waraka wa mkakati wa fedha hufikishwa kwa bunge hilo kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Wao walikwenda mwezi wa Juni.

Niliwarudishia nakala yao nikawaambia iendelee kuitwa barua ya kuomba mikeka. Kwa jina hilo haina ubaya wowote, na mikeka inahitajika kweli. Ardhilhali waiandike upya, ifike kwa karani wa bunge la kaunti kabla ya Februari, na mstari wa kwanza uwe wa yule mwalimu aliye gatini, maji yametoka.