Kusoma majibu ya vipimo vya damu vya homa ya ini B na C

Karatasi ya majibu iliyoandikwa «homa ya ini B: chanya» bila kutaja kipimo kilichofanywa hainisaidii sana kama mtaalamu wa maabara. Virusi hivyo huacha alama kadhaa katika damu, na kila alama hujitokeza na kutoweka kwa wakati wake.

Alama tunayoitafuta kwanza ni HBsAg, yaani protini ya ganda la kirusi chenyewe, ambayo Baruch Blumberg na wenzake waliitambua katika miaka ya 1960. Ikionekana, kwa kawaida maana yake ni kwamba maambukizi yapo wakati huo. Ikiendelea kuonekana kwa zaidi ya miezi 6, maambukizi huhesabiwa kuwa sugu. Hivyo chanya ya siku moja haielezi iwapo mtu ameambukizwa majuzi au tangu utotoni. Kingamwili za IgM, yaani zile ambazo mwili hutangulia kuzitengeneza, dhidi ya kiini cha kirusi husaidia kubainisha, kwa sababu hupanda katika maambukizi mapya, ingawa zinaweza kujitokeza tena ugonjwa sugu unapolipuka. Aidha, aliyechanjwa siku chache zilizopita anaweza kutoa HBsAg chanya kwa muda mfupi, kwa kuwa chanjo yenyewe imetengenezwa kwa protini hiyohiyo. Ni vyema kumuuliza kabla ya kumtia hofu.

Kingamwili dhidi ya HBsAg, zinazoitwa anti-HBs, huonyesha kinga, na baada ya chanjo kiwango cha 10 mIU/mL au zaidi huhesabiwa kuwa kinatosha. Aliyekingwa kwa chanjo huwa na anti-HBs peke yake, ilhali aliyeugua akapona huwa pia na anti-HBc, yaani kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi, ambayo chanjo haiwezi kuizalisha. Kuna kipindi kigumu katikati ya kupona, ambapo HBsAg imekwisha kutoweka na anti-HBs bado haijaonekana. Mtu anayepimwa HBsAg pekee wakati huo ataambiwa hana kitu, kumbe anti-HBc ingemfichua.

Kwa homa ya ini C mambo ni tofauti. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, nazo ni nyayo tu: zinaonyesha kwamba kirusi kilipita, hazisemi kama bado kimo ndani. Huweza kubaki kwa miaka mingi hata kwa aliyepona kabisa kwa dawa, na mtoto mchanga anaweza kuzibeba kutoka kwa mama yake hadi umri wa miezi 18 hivi bila yeye kuambukizwa. Ndiyo maana sikubali mgonjwa aanzishiwe matibabu kwa kingamwili pekee, kabla ya kupima RNA, yaani chembe za urithi za kirusi chenyewe. Kipimo hichohicho, kikirudiwa wiki 12 baada ya dawa kumalizika, ndicho kinachothibitisha kupona.

Wengi huleta pia majibu ya ALT. Kimeng'enya hicho hupanda ini linapojeruhiwa, hata kwa pombe au dawa, na kikiwa cha kawaida hakiondoi uwezekano wa maambukizi sugu.

Kupima wingi wa virusi, DNA kwa B na RNA kwa C, si lazima kumpeleke mgonjwa mbali. Mashine za GeneXpert, ambazo hospitali nyingi za Tanzania na Kenya huzitumia kwa kifua kikuu, zinaweza kufanya vipimo vyote viwili, mradi katriji zake zipo. Damu ya kazi hiyo ichukuliwe kwenye chupa yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu kuganda, badala ya ile yenye heparini, ambayo huzuia mmenyuko wa PCR, ule unaonakili chembe za urithi ili zipimike, na inaweza kuleta jibu hasi la uongo.